Sura ya Sita: Mlangilangi, Mti Unaokwenda na Saa

Mchana mlangilangi hauna cha kujivunia. Majani yake yana kingo zilizojikunjakunja, matawi yameinama kuelekea chini, na maua yananing'inia kwenye makwapa ya majani yakiwa na rangi inayokaribiana mno na majani yenyewe. Mtu anaweza kupita chini ya mti uliojaa maua asijue. Lakini subiri jua lizame. Kuanzia magharibi harufu huanza kutoka, huzidi kadiri usiku unavyokua, hufika barazani, huingia madirishani, na wakati mwingine humkuta mtu njiani kabla hajajua inatoka ua wa nani.

Usiku ndipo mti huu unapofanya kazi. Harufu ile haikukusudiwa wapita njia. Ni mwito kwa wadudu wa usiku wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Kukipambazuka mwito hupungua, na jua la saa nne likishashika, ua lililojaza uwanja usiku kucha hubaki na harufu haba. Kila anayeutumia mlangilangi, awe somo anayempamba biharusi Unguja au kampuni ya manukato ya Paris, analazimika kufuata saa za mti huo. Faida na hasara zake karibu zote zinatokana na kuwahi au kuchelewa.

Jina lake la kitaalamu ni Cananga odorata, na ukoo wake ni ule ule wa mstafeli na mtopetope. Undugu huo unaonekana kwenye ua. Ukilichukua ua la mstafeli, lile nene lenye rangi ya manjano iliyofifia, utakuta petali zimepangwa tatu nje na tatu ndani. La mlangilangi nalo ni hivyo hivyo, ila petali zake sita ni nyembamba, ndefu kiasi cha kidole, na hujipinda zinapokua. Ua linapofunguka huwa la kijani na halina harufu ya maana. Huchukua kama wiki mbili au tatu hadi kuwa manjano, na hapo ndipo doa jekundu hujitokeza kwenye kitako cha petali, upande wa ndani. Wachumaji hawaangalii kingine. Ua lisilo na doa halijaiva. Likichumwa hutoa mafuta machache yenye harufu ya majani mabichi.

Baada ya maua huja vitunda vidogo vinavyoshikana kwenye shada, kila kimoja na urefu wa sentimeta 2 hivi, kijani kwanza na kisha vyeusi. Binadamu hana haja navyo, ila ndege wanavipenda, na ndio wapandaji wakuu wa mlangilangi katika misitu ulikotoka.

Misitu hiyo iko mbali nasi. Mlangilangi ni mwenyeji wa nchi za joto na mvua kuanzia Indochina, kupita Malaysia, Indonesia na Ufilipino, hadi New Guinea na kaskazini ya Australia. Huko, ukigombania mwanga na miti mingine, hufika mita 30 na kuzidi. Ule tunaouona uani, wa kufikiwa kwa mkono, ni mti uliofundishwa adabu.

Watu wa huko waliutumia zamani sana kabla Ulaya haijaujua. Ufilipino maua yake hutungwa pamoja na asumini na kuuzwa barabarani na kwenye malango ya makanisa. Java petali hutawanywa kwenye kitanda cha maharusi, na hizo hizo hutawanywa makaburini. Samoa huyatumia kutia harufu mafuta ya nazi ya kujipaka. Mafuta ya namna hiyo ndiyo yaliyoufikisha mlangilangi Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, kwa njia inayochekesha. Wanaume wa huko walipenda kupaka nywele mafuta yaliyoitwa ya Makassar, kwa jina la bandari ya Sulawesi. Yalikuwa mafuta ya nazi au ya mimea mingine, mara nyingi yakitiwa manukato ya mlangilangi. Yaling'arisha nywele na kuharibu viti. Wake wa nyumbani wakaanza kutandika vitambaa kwenye migongo ya viti ili mafuta yasiingie, na vitambaa hivyo vikapewa jina lenye maana ya kinga dhidi ya Makassar. Wanaume waliacha mafuta, vitambaa vikabaki. Vile vya kudarizi tunavyotandika kwenye makochi ya Dar es Salaam na Mombasa, na kukasirika mgeni akivikalia vikaanguka, ni wajukuu wao.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi mlangilangi uliletwa. Masimulizi ya kilimo cha manukato humtaja nahodha Mfaransa d'Etchéverry kuwa ndiye aliyeufikisha Réunion mwaka 1770. Ni yule aliyekuwamo katika safari za kuchukua miche ya karafuu na kungumanga Maluku, miche ambayo Waholanzi waliilinda kwa silaha. Karafuu ikaja kuipa Zanzibar utajiri na majonzi yake. Mlangilangi, kwa zaidi ya miaka 100, ulibaki mti wa bustani tu.

Kilichoubadilisha ni biashara iliyoanza Manila. Katika miaka ya 1860 Wazungu waliokuwa huko walianza kukeneka mafuta ya maua hayo na kuyapeleka Ulaya, na watengenezaji wa manukato wakayapapia. Wafaransa wakakumbuka kwamba mti wanao. Mashamba yakaanzishwa Réunion, kisha kilimo kikahamia Nosy Be, kisiwa cha kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na Komoro. Réunion ikaurudia muwa. Komoro ikawa nchi inayoongoza duniani kwa mafuta ya mlangilangi, sifa ambayo bado inayo.

Ni vizuri kusema wazi kwamba mashamba hayo ya Komoro hayakuanzishwa na Wakomoro. Ngazija, Mfaransa Léon Humblot, aliyefika mwaka 1884 akitafuta mimea na wanyama kwa ajili ya makumbusho, alipata mkataba na Sultani Said Ali mwaka uliofuata, na kampuni yake ikaishia kushika sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa. Nzwani nayo ilitawaliwa na kampuni ya Bambao, iliyojitwalia mabonde mazuri na kuwasukuma wakulima kwenye miteremko. Mlangilangi ukapandwa penye udongo wa kina. Muhogo na ndizi za wenyeji zikapanda mlimani. Uhuru ulipokuja mwaka 1975 makampuni yalikwisha kuanza kuondoka, mashamba yakagawanyika, na leo mitambo mingi ya kukeneka ni ya watu wa vijijini. Lakini wakulima wengi bado wako kule kule mteremkoni, na jambo hilo lina uzito katika habari ya kuni nitakayoifikia.

Mafuta hayo kwa watu wa mwambao wengi si kitu cha nyumbani. Tunachokijua sisi ni ua lenyewe. Unguja na Pemba langilangi huingia katika singo ya biharusi pamoja na asumini, mawaridi, mrehani, karafuu na liwa, vyote vikipondwa na kuchanganywa na marashi ili kumsugulia mwili siku za kuelekea harusi. Huingia katika kikuba kinachobanwa kifuani au nyweleni. Hutawanywa kitandani. Na wapo akina bibi wanaolitumia kwa njia ya bei nafuu kuliko zote: maua ya alfajiri, yakiwa hayana umande, hulowekwa katika mafuta ya nazi ndani ya chupa, huachwa mahali penye joto siku kadhaa, yakachujwa na kutiwa mapya, hadi mafuta yashike harufu. Umande usipokauka mafuta huvunda. Hakuna mtambo hapo wala moto, na kichwa kilichopakwa mafuta hayo hakihitaji manukato mengine.

Harufu yake ni nzito na tamu, na si ya kila mtu. Wapo wanaoumwa kichwa wakilala karibu na mti uliochanua. Ndiyo maana hata wauza manukato hawaiachi peke yake, huichanganya. Chanel No. 5, iliyotengenezwa na Ernest Beaux mwaka 1921, ina mlangilangi pamoja na asumini na waridi, na kuna manukato mengi ya wanawake yaliyofuata mkondo huo. Anayejipulizia marashi ya bei ghali mjini Dubai au New York huenda amejipulizia mashamba ya Nzwani bila kujua kisiwa hicho kiko wapi.

Sasa twende shambani, kwa sababu huko ndiko mti unakogeuzwa umbo.

Mlangilangi unataka joto, mvua ya kutosha na ardhi yenye kina. Hufanya vizuri kwenye nyanda za chini, na kadiri unavyopanda milimani maua hupungua. Juu ya mita 800 hivi hakuna faida ya kujaribu kilimo cha biashara. Baridi kali huuua. Mbegu zina mambo yake: mbichi kabisa huota kwa kusuasua, na wakulima wengi huzihifadhi miezi kadhaa kwanza, kisha huziloweka katika maji ya moto kabla ya kuzisia. Mzizi mkuu huenda chini upesi na hauvumilii kukatwa, kwa hiyo mche huoteshwa ndani ya kifuko kirefu na kuhamishwa ungali mdogo, au mbegu hupandwa pale pale mti utakapoishi. Nafasi ya mita 6 kati ya mti na mti ndiyo ya kawaida.

Ukiachwa hukimbilia juu. Ni mti wa haraka, na mbao zake ni laini na dhaifu, hazifai kwa jambo kubwa. Mkulima wa maua hauachi. Ukifika mwaka wa pili au wa tatu huukata kilele kwenye kimo cha mita 2 hivi, kisha matawi ya pembeni huvutwa chini, wengine wakiyafunga kwa kamba kwenye vigingi, ili mti utanuke badala ya kurefuka. Hukatwa tena na tena kila mwaka. Shamba kongwe la mlangilangi ni jambo la kutazamwa: mashina manene, mafupi, yenye vifundo, na mikono iliyopindwa pande zote ikiburuta ardhini. Mti uliozaliwa kuwa wa mita 30 umefungwa kwenye kimo cha mwanamke aliyenyoosha mkono, kwa kuwa wachumaji wengi ni wanawake, na hakuna ngazi inayoweza kushindana na alfajiri.

Maua hupatikana mwaka mzima, kwa wingi zaidi baada ya mvua. Mti huanza kutoa maua ya kuchumwa mwaka wa tatu hivi. Ukikomaa na kutunzwa hutoa kati ya kilo 5 na 10 kwa mwaka. Uchumaji huanza kunapopambazuka na kusimama mnamo saa tatu asubuhi. Ua huchumwa moja moja kwa vidole, lile la manjano lenye doa, na halitakiwi kuminywa, kwa maana petali iliyochubuka hubadilika kuwa nyeusi na kuanza kuchacha. Malipo ni kwa kilo. Ua moja uzito wake ni mdogo sana, kwa hiyo kikapu cha kilo kadhaa kina maelfu ya maamuzi: hili limeiva, lile bado. Mchumaji mwenye haraka huchanganya ya kijani ili mizani ipande, na mwenye mtambo mjanja hulimwaga kapu lote chini kabla hajalipa.

Kutoka hapo maua yanatakiwa kufika motoni asubuhi ile ile. Aliyewahi kuona mtambo wa gongo hana haja ya maelezo marefu: kuna pipa lenye maji na moto chini yake, kuna bomba linalotoka juu likapita ndani ya maji baridi, na kuna chombo mwishoni. Tofauti ni kwamba hapa maua yamewekwa juu ya wavu, mvuke unapita katikati yake na kubeba mafuta, na kinachotiririka mwishoni ni maji yenye mafuta yanayoelea. Maji humwagwa au kurudishwa pipani, mafuta huchotwa.

Hapa ndipo saa zinakuwa pesa. Kukeneka huchukua hadi saa 20 na zaidi, na mafuta hayatoki sawa muda wote huo. Yale ya saa ya kwanza na ya pili ndiyo yenye harufu ile ya usiku, tamu na ya maua. Huitwa Extra, na ndiyo yanayonunuliwa na watengenezaji wa manukato ya hali ya juu. Yanayofuata ni daraja la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, ambalo hutoka polepole kwa saa nyingi na lina harufu nyepesi, ya majani na mbao zaidi kuliko ya ua. Daraja la tatu huishia kwenye sabuni. Sababu ni ya kikemia: viungo vyepesi kuruka, kama linaloli na asetati ya benzili, hutangulia na mvuke, na vile vigumu kuruka huchelewa. Mafuta ya mwanzo, kwa ujazo ule ule, yana uzito mkubwa kuliko ya mwisho, kwa hiyo mnunuzi hana haja ya kuamini pua yake peke yake. Anatumbukiza kipimo ndani ya mafuta na kusoma digrii. Komoro watu huuza kwa digrii hizo, na ubishi mwingi wa bei ni ubishi wa digrii.

Kilo 100 za maua hutoa kama kilo 2 za mafuta ya madaraja yote kwa pamoja, na Extra ni sehemu tu ya hizo. Ndiyo maana udanganyifu haukosekani. Wapo wanaochanganya mafuta ya mboga, wapo wanaotia madaraja ya chini kwenye ya juu, na wanunuzi wa Ulaya wana maabara zinazogundua vyote. Kila shehena iliyokutwa imechakachuliwa humharibia bei hata mkulima wa kijiji cha pili ambaye hakuchanganya chochote. Upande wa pili, maabara hizo hizo zinaweza kutengeneza viungo kadhaa vya harufu hii bila kugusa ua, kwa gharama ndogo. Mlangilangi wa kweli unauzika kwa sababu mchanganyiko wake wote bado haujaigwa vizuri, na mara unapochakachuliwa hoja hiyo inakufa.

Nimesema nitafika kwenye kuni.

Saa 20 za moto ni kuni nyingi. Nzwani ni kisiwa cha kilomita za mraba 424, chenye milima mikali na watu waliosongamana, na mitambo yake ya mlangilangi imekula misitu kwa miaka mingi, ikishirikiana na mashamba ya chakula yaliyosukumwa mlimani tangu enzi za makampuni. Miteremko ikabaki mitupu, udongo ukashuka na mvua, na mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Mtambo wa kukeneka unahitaji maji baridi yasiyokatika ili mvuke ugeuke mafuta. Kwa hiyo mtambo unakula msitu, na msitu ukiisha unaondoka na maji ya mtambo.

Kuna nafuu zinazojulikana. Mitambo ya chuma kisichoshika kutu, yenye majiko yaliyojengewa na mabomba mazuri ya kupoozea, huchoma kuni chache kuliko mapipa ya zamani juu ya mafiga, na mafuta yake hayaharibiwi rangi na kutu. Nafuu nyingine haihitaji fundi: kuzima moto mapema. Saa za mwisho zinachoma kuni zile zile kama saa za mwanzo lakini zinatoa mafuta ya bei ya chini kuliko yote. Kwa maoni yangu, mtu anayekata mti ili apate daraja la tatu anafanya biashara ya hasara, hata kama daftari lake halioneshi, maana kuni za mlimani hazimo katika daftari.

Hatari ya upepo nayo haina dawa. Kimbunga Kenneth, kilichopita kaskazini mwa Ngazija mwezi wa Aprili 2019, kiliangusha mazao ya kila namna, na mti wenye mbao laini hauna ujanja mbele ya upepo wa aina hiyo.

Kwa msomaji wa mwambao, kuanzia Kilifi na Mombasa hadi Muheza, Unguja na Pemba, mlangilangi mmoja uani ni jambo jepesi. Panda mbali na paa, kwa sababu matawi huvunjika, na mbali kidogo na dirisha la chumba cha kulala. Kuna pia aina fupi ya bustani, kichaka cha kimo cha mtu, inayochanua ingali ndogo na kufaa kwenye ua mwembamba. Hiyo ni ya kunusa, haina faida ya kukeneka. Kata kilele mapema, maana mti ukishakuwa mrefu kuukata ni kazi ya panga na lawama za majirani. Chuma alfajiri. Na mafuta yaliyokenekwa, ukiyanunua dukani, usiyapake ngozi yakiwa matupu. Huwasha baadhi ya watu na kuwatoa upele, kwa hiyo matone machache ndani ya mafuta ya nazi yanatosha. Wanaoyauza kama dawa ya presha wasikufanye uache vidonge vya daktari.

Anayefikiria biashara ya kukeneka na aanze na kuni. Apande miti ya kukua haraka kwa ajili ya moto mwaka ule ule anaopanda milangilangi, ili maua yakianza kutoka mwaka wa tatu asiende kukata msitu wa kijiji. Asiye na ardhi ya kupanda kuni zake auze maua kwa mwenye nayo, au ayapeleke sokoni yakiwa mabichi, ambako harusi haziishi.